Nina gari la umeme lakini fleti haina pa kuchajia: niuze au nibaki nalo?

*“Nina Nissan Leaf ya mwaka 2014, betri ya yuniti 24 za umeme (kilowati-saa), iliyoletwa kutoka Japani ikiwa imetumika. Tulipokuwa tunakaa Kira nililichaji kwenye kompaundi yetu bila shida. Sasa tumehamia fleti Ntinda, ghorofa ya tatu. Mwenye nyumba amekataa katakata: anasema gari litaunguza waya za jengo na kula umeme wa wapangaji wengine. Naendesha kama kilomita 30 kwa siku, kwenda kazini na kurudi, siku sita kwa wiki. Vijiti vya afya ya betri kwenye dashibodi vimebaki 9 kati ya 12. Dalali amenitajia bei ambayo hata mume wangu, ambaye ndiye anayetaka niuze, aliionea aibu. Tena nimeambiwa chaja za haraka zinaua betri na kwamba betri nyingine haipatikani hapa Uganda. Niuze au nibaki nalo?”*

Dada yangu, usiuze wiki hii, na usimuuzie dalali huyo. Lakini pia usikae na gari mwaka mzima ukingoja mambo yajipange yenyewe. Jipe miezi miwili utafute soketi moja nzuri, mahali ambapo gari linaweza kukaa masaa matano, mara tatu kwa wiki. Soketi hiyo si lazima iwe nyumbani. Ukiipata, baki na gari. Ukiikosa, uza, na nitakueleza umuuzie nani.

Watu wengi hudhani gari la umeme lazima lichomekwe kila usiku kama simu. Tupige hesabu ya kwako. Leaf ya umri huo katika mwendo wa Kampala huenda kilomita 6 hivi kwa yuniti moja. Kilomita 30 kwa siku ni yuniti 5, na kwa siku sita ni yuniti 30. Umeme kidogo hupotea kama joto wakati wa kuchaji, kwa hiyo mita itasoma karibu 34 au 35. Ukichaji kwa ampea 10 kwenye umeme wetu wa volti 240, unaingiza kilowati 2.4, yaani kama yuniti 12 kwa masaa matano. Mara tatu kwa wiki inatosha, na zinabaki za kupitia sokoni.

Kwa bei ya nyumbani ya shilingi mia saba na kitu kwa yuniti, hiyo ni kama shilingi 26,000 kwa wiki. Gari dogo la petroli linalokwenda kilomita 11 kwa lita kwenye jamu yetu lingekunywa lita 16 kwa safari zilezile. Petroli ikiwa karibu shilingi 5,000, hiyo ni 80,000. Mwambie mume wako aiweke tofauti hiyo mezani kabla hamjazungumza lolote kuhusu kuuza, kwa sababu ukiuza gari hili utanunua lingine, na hilo lingine litakunywa.

Sasa mwenye nyumba. Nitamtetea kidogo, kwa sababu katika hofu zake mbili moja ina msingi.

Birika la umeme linavuta karibu sawa na gari lako, lakini linazima baada ya dakika chache. Gari linavuta vilevile kwa masaa matano bila kupumzika. Waya mzima wenye unene unaofaa hauoni shida. Shida huanzia kwenye kiungo: skrubu ya soketi iliyolegea, plagi isiyoshika vizuri, ekstensheni ya bei rahisi. Kiungo kibovu huongeza ukinzani, na joto linalozalishwa pale hukua kwa mraba wa mkondo. Ukishusha mkondo kutoka ampea 15 hadi 10, joto kwenye kiungo hicho linapungua kwa zaidi ya nusu. Ukiuacha juu, plastiki ya soketi inageuka rangi ya kahawia, kisha inayeyuka, na hapo hakuna mpangaji atakayekusikiliza tena.

Kuna jambo hapa ambalo wauzaji wa magari ya Japani hawalisemi. Kebo iliyokuja na Leaf kutoka kule imeundwa kuvuta hadi ampea 15 kwenye volti 200. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ya 13. Fundi wa mtaani hukata plagi ya Kijapani, akafunga ya kwetu, gari likachaji, kila mtu akafurahi. Soketi ndiyo inayolipa. Kama kule Kira ulikuwa ukitumia kebo hiyo iliyobadilishwa plagi na hukupata tatizo, shukuru, lakini usiilete kwenye jengo la watu. Tafuta kebo yenye kichwa cha gari kinacholingana na chako (huitwa Type 1) na yenye kitufe cha kuchagua ampea 6, 8, 10 au 13. Iweke kwenye 10, au 8 ukiwa na shaka.

Hofu yake ya pili, kwamba utakula umeme wa wengine, inatibika kwa mita. Usimwendee tena na ombi tupu la “naomba kuchaji”. Nenda na pendekezo: utalipa gharama ya kuvuta laini ya peke yake kutoka kwenye bodi ya umeme hadi sehemu ya kuegesha, yenye waya wa milimita 4 za mraba au 6 kama umbali ni mrefu, breka yake, kinga ya mkondo unaovuja, na soketi ya viwandani ya ampea 16, ile ya bluu ya mviringo, badala ya soketi ya kawaida. Laini hiyo iwe na mita ndogo ya malipo ya kabla, au uombe mita ya Yaka (ile ya serikali ya malipo ya kabla) ya peke yake kutoka UEDCL, ambayo ndiyo inayosambaza umeme tangu Umeme ilipomaliza mkataba wake mwisho wa Machi 2025. Kazi ifanywe na fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka inayosimamia umeme. Mwenye nyumba anayemkataa mpangaji mara nyingi humkubali fundi mwenye karatasi.

Ahidi pia kuchaji baada ya saa nne usiku, watu wakishamaliza kupika na kuoga. Leaf ina saa ndani yake ya kupanga muda wa kuanza, kwa hiyo hutalazimika kushuka ngazi na kanga usiku. Akikubali, muandikishane. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 inataka mikataba ya upangaji ya kuanzia shilingi 500,000 iwe kwa maandishi, basi ongezeni kipengele: soketi ni ya nani ukihama, nani anaitengeneza, umeme unalipwa vipi. Mkigombana, mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa) anaweza kuwasuluhisha, lakini soketi hana.

Kitu kimoja sitaki ukifanye hata mwenye nyumba akifumba macho: kuteremsha ekstensheni kutoka dirishani ghorofa ya tatu. Mvua, watoto, na kebo iliyobaki imekunjwa kwenye gurudumu lake ikijipasha joto yenyewe. Nimeona kebo za namna hiyo zimegandana kuwa donge moja.

Akikataa bado, angalia kazini. Kwa maoni yangu, hapa ndipo watu wa fleti wanapopata suluhisho, na ndipo wanapochelewa kuuliza. Gari lako linashinda pale masaa manane au tisa likiwa limesimama. Ukichomeka siku tatu kwa wiki kwa ampea 10, umemaliza. Mwajiri ataogopa bili, kwa hiyo mpe hesabu ile ya yuniti 35 na ujitolee kulipa kila mwezi kwa mita ndogo. Kanisa, msikiti, shule ya watoto, hoteli unapofanyia mazoezi, ndugu mwenye kompaundi Naalya: orodha yako ni ndefu kuliko unavyodhani. Lakini iwe sehemu unayofika hata hivyo. Mahali pa kwenda makusudi kukaa masaa matano garini patakuchosha mwezi wa kwanza.

Vituo vya umma nisingevijengea maisha. Vipo Kampala, vinaongezeka, ila mji wetu umeanza na bodaboda na mabasi ya umeme. Mwenye boda ya umeme anabadilisha betri kwa dakika chache kwa sababu anaweza kuinyanyua. Ya kwako ina uzito wa karibu kilo 300 na imefungwa chini ya sakafu. Kisha kuna suala la mdomo. Leaf inachaji haraka kwa mtindo wa Kijapani uitwao CHAdeMO, ilhali magari mapya ya Kichina hutumia GB/T na ya Ulaya CCS2. Unaweza kufika kituoni ukakuta chaja nzuri, mpya, isiyoingia kwenye gari lako. Piga simu kwanza, uliza jina hilo hilo, CHAdeMO, na uliza kama inafanya kazi leo.

Je, chaja ya haraka inaua betri? Kinachoua ni joto, na muda mrefu betri ikiwa imejaa. Betri ya Leaf haina maji wala feni ya kuipoza, inategemea upepo wa chini ya gari tu. Chaja ya haraka huipasha, na ikishapata moto huchukua masaa kupoa. Ndiyo maana Leaf za mwanzo zilipata sifa mbaya Arizona, Marekani, kwenye jangwa. Sisi tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na mchana wa Kampala kwa kawaida hauzidi sana nyuzi 30. Hali ya hewa iko upande wako. Kuchaji haraka mara moja kwa wiki hakutaliua gari. Kuchaji haraka mara mbili mfululizo baada ya kutoka Jinja mchana, au kulijaza hadi asilimia 100 kisha kuliacha juani tangu Ijumaa hadi Jumatatu, huko ndiko kuliumiza. Na anayekuambia uliache liishe kabisa ndipo uchaji anakumbuka betri za zamani. Za lithiamu zinapenda kukaa kati ya asilimia 20 na 80.

Hapa nifike kwenye vijiti 9, kwa kuwa ndivyo vitakavyoamua bei na subira yako. Kijiti cha kwanza huondoka betri ikishapoteza kama asilimia 15, na kila kinachofuata huwakilisha asilimia 6 na kidogo. Kwa hiyo yako imebaki na uwezo wa kati ya asilimia 66 na 72. Betri ya yuniti 24 ilipokuwa mpya ilitoa kama 21 za kuendeshea. Sasa inatoa 14 au 15. Hiyo ni kilomita 85 hadi 90 ukiimaliza, na 75 ukiacha akiba ya kukufikisha salama. Kwa kazi yako ya kilomita 30 inatosha. Entebbe kwenda na kurudi, zaidi ya kilomita 80, haitoshi bila kuchaji huko. Masaka sahau.

Vijiti hivyo vinasema wastani tu. Ndani ya betri mna vipande 48 viitwavyo moduli, kila moja na seli nne, zilizopangwa kuwa jozi 96 zinazofuatana. Katika mpangilio wa kufuatana, msafara mzima hutembea kwa mwendo wa aliyechoka: jozi moja ikishuka, gari linazima hata kama nyingine 95 bado zina nguvu. Nunua kifaa kidogo cha bluetooth cha kuchomeka chini ya usukani, weka programu ya LeafSpy kwenye simu, uangalie tofauti ya volti kati ya jozi gari likiwa na chaji ndogo. Jozi zote zikiwa karibu sawa, betri imezeeka kwa usawa, na kubadilisha moduli moja moja ni kutupa pesa. Ikiwa moja au mbili zimeachwa mbali, basi una tatizo dogo lenye sura ya tatizo kubwa, na moduli mbili zilizotumika zinaweza kukurudishia kilomita nyingi.

Kuhusu betri nyingine: mpya ya kiwandani kwa gari la umri huu haina maana kifedha, itazidi thamani ya gari. Betri nzima iliyotumika, iliyotolewa kwenye Leaf iliyogongwa, inaweza kuagizwa, lakini usimlipe mtu kabla hajakuonyesha usomaji wa LeafSpy wa betri hiyo hiyo ikiwa kwenye gari. Namba ya vijiti pekee isikutoshe. Kompyuta ya betri inaweza kufutwa kumbukumbu ikaonyesha vijiti 12 kwa muda, halafu ukweli ukarudi baada ya wiki kadhaa.

Basi tuseme miezi miwili imepita na soketi haikupatikana. Uza, na uza kwa haraka ya busara. Betri huzeeka hata gari likiwa limesimama, na vijiti vitakapobaki vinane tu kwenye picha ya tangazo, wanunuzi watapungua zaidi. Bei ya dalali ilikuwa ya aibu kwa sababu hawezi kuipima betri, na asichoweza kupima anakipunja. Kwa hiyo ipime wewe. Andaa picha za LeafSpy zenye tarehe, video ya safari moja ya kawaida kuanzia asilimia 90 hadi 20 ikionyesha kilomita, na uuze gari pamoja na kebo ile nzuri. Leaf bila kebo ni mzigo kwa mnunuzi.

Mnunuzi wako hayuko kwenye yadi za magari za mjini. Ni mtu mwenye geti na kompaundi Namugongo, Kyaliwajjala au Mukono, ambaye tayari ana gari la petroli kwa safari za kijijini na anataka la pili la kupeleka watoto shule. Au ni mwenye sola nyumbani, au shule, au hoteli yenye gari la kutumwa karibu. Kwa watu hao kilomita 75 si kasoro. Mwambie ukweli wa betri mwanzoni. Atakayekimbia baada ya kusikia angekusumbua baadaye.

Na usikabidhi funguo kwa karatasi zilizosainiwa wazi, bila jina la mnunuzi. Fuateni uhamisho wa umiliki mpaka mwisho, kwa maana faini za barabarani hufuata jina lililo kwenye usajili.

Ukiuza, ununue nini? Kama hali ya fleti haitabadilika, haibridi ndogo kama Toyota Aqua haihitaji soketi na hunywa kidogo kuliko petroli ya kawaida. Nayo ina betri inayozeeka, ipimwe vilevile. Nisichokushauri ni kuuza Leaf kwa bei ya kutupa ili ununue gari la petroli lililochakaa kwa sababu tu vituo vya mafuta viko kila kona. Mwaka mmoja wa mafuta na gereji utakula tofauti yote.

Ikiwa gari litasimama wakati unaamua, liache na chaji ya asilimia 40 hadi 50, kivulini, na umwambie fundi achomoe waya hasi wa betri ndogo ya volti 12 kama litakaa zaidi ya wiki tatu. Hiyo betri ndogo ikifa, gari haliwaki kabisa, na nimeshaletewa magari ambayo wenyewe walikuwa wameambiwa betri kubwa imekufa kumbe tatizo ni hii ya kawaida inayouzwa kila duka la vipuri.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyajibu kwa maandishi. Kabla ya kuchomeka mahali papya popote, nyumbani au kazini, fundi mwenye kibali apime waya wa ardhi kwa kifaa. Nyumba nyingi zina soketi ya miguu mitatu ambayo mguu wa ardhi hauendi popote, na kebo nzuri ya kuchajia itagoma na kuwasha taa nyekundu. Ikigoma, usitafute mtu wa kuidanganya. Baada ya nusu saa ya kuchaji, gusa plagi: vuguvugu ni sawa, ikiwa ya moto kiasi cha kutotaka kuishika, zima breka ya laini hiyo kwanza, subiri ipoe, uchomoe, na usiitumie tena soketi hiyo mpaka ifunguliwe. Vilevile kwa harufu ya kuungua au breka inayoanguka mara kwa mara.

Gari likigongwa chini ya sakafu, likipita kwenye mafuriko yaliyofika milangoni, au likionyesha alama ya kobe (ya kupunguza nguvu) huku chaji ikiwa bado ipo, lipeleke kwa fundi aliyefunzwa magari ya umeme. Waya za rangi ya chungwa zinabeba karibu volti 400, na fundi anayejua gari hili ataanza kwa kuchomoa plagi ya usalama ya betri na kuvaa glavu kabla ya kugusa chochote. Ukimwona anaanza na spana, chukua funguo zako uondoke.